Kata Ndogo Juu ya Ghala la Brekke

Saa kumi na mbili jioni Marit Torvik alikuwa akipanga meza, kama kila siku. Mama yake alikuwa anakoroga supu ya viazi jikoni, akitoa amri bila kugeuka.

"Bakuli hilo lisogeze kusini. Kusini, Marit, sio huko. Na chumvi iko rafu ya magharibi."

Marit akalisogeza. Huku Dakota Kaskazini watu hawasemi kushoto wala kulia kama wanaweza kuepuka. Barabara za changarawe zimenyooka kama rula, ama kaskazini na kusini, ama mashariki na magharibi, na mtoto huzijua pande nne kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Meza ilikuwa ya watu wawili siku hizi. Baba alikuwa amemaliza kuvuna alizeti, akafungia mashine bandani, kisha akaenda magharibi, mwendo wa saa nne kwa gari, kufanya kazi ya majira ya baridi kwenye visima vya mafuta. Angerudi Krismasi.

Jioni moja kabla ya kuondoka alikaa na Marit kwenye ngazi za mlango, akamweleza mpango wake.

"Kila siku saa moja usiku natoka zamu," alisema. "Nitasimama nje ya kambi niitazame Nyota ya Kaskazini. Na wewe itazame. Hata simu zikikataa, tutakuwa tunatazama kitu kimoja."

"Nitaijuaje, Baba?"

"Iko kwenye ncha ya mpini wa Kata Ndogo, lile kundi la nyota lenye umbo la kata ya kuchotea maji. Ila kwanza tafuta Kata Kubwa, hiyo ndiyo itakuelekeza. Mwezi huu inalala chini sana, na ile miti itakuzuia. Vaa vizuri, pita miti, nenda mpaka barabarani. Leo ningekuonyesha mwenyewe, lakini mawingu haya hayana nia ya kuondoka."

Miti aliyoisema ilikuwa safu tatu, imepandwa zamani kaskazini mwa nyumba ili kukinga upepo. Mchana, kuipita mpaka barabarani ni kitu kidogo. Jioni ya Novemba, baridi ikiuma masikio, si kitu kidogo hata kidogo.

Mawingu yalipoondoka, Marit alitoka na koti juu ya nguo za kulalia na ndara miguuni. Hakwenda barabarani. Alisimama kwenye ngazi za mlango wa mashariki akainua macho. Juu ya ghala la bati la jirani yao, mzee Brekke, palikuwa na kikundi cha nyota ndogo zilizosongamana, na kwa kweli zilikaa kama kata: kibakuli kidogo na kipini kifupi. Hiyo hapo, Kata Ndogo. Ndogo kweli, kama jina lake. Akachagua nyota ya mwisho wa kile kipini, akaipungia mkono, akarudi ndani kabla miguu haijafa ganzi.

Jumapili Baba alipiga simu. "Umeipata?"

"Nimeipata. Rahisi tu."

"Ulikwenda mpaka barabarani?"

"Mm-hm," alisema Marit. Halikuwa neno, kwa hiyo alijiambia kwamba si uongo.

Ikawa desturi. Kila siku saa moja alitoka kwenye ngazi, akaitazama nyota yake juu ya ghala, akasema kimoyomoyo, "Habari za jioni, Baba." Alilala vizuri siku hizo. Mama, ambaye hakuwa na muda wa nyota, alimwambia tu afunge mlango asiingize baridi.

Kisha likaja zoezi la mpira wa kikapu. Siku hiyo mazoezi shuleni yalichelewa kwisha, na Marit akarudi kwa pikapu ya mama wa Janelle Haugen, mchezaji mwenzake. Janelle alikuwa na miaka kumi na mitatu na alipenda kila mtu alikumbuke hilo. Ilikuwa karibu saa tatu waliposimama uani kwa akina Torvik. Marit alishuka, akatazama mashariki kwa mazoea, akashtuka. Juu ya ghala hapakuwa na kitu. Nyota zake zilikuwa zimepanda juu sana, mahali pengine kabisa.

"Imehama," alisema.

"Nini imehama?" Janelle alitoa kichwa dirishani.

"Nyota ya Kaskazini. Ile pale, kwenye Kata Ndogo. Saa moja huwa juu ya ghala la Brekke."

Janelle alitazama kidole cha Marit kinakoelekea. Kisha akaanza kucheka polepole, kama mtu anayefungua zawadi.

"Marit. Hebu niambie tena. Nyota ya nini?"

"Ya Kaskazini."

"Na kwa Brekke ni upande gani?"

Marit aliteremsha kidole.

"Sema tu. Hata paka wetu anajua."

"Janelle, mwache mwenzako," mama yake alisema kutoka kwenye usukani.

"Simwonei, Mama, namsomesha. Hicho ni Kilimia, we Marit. Unakiziba chote kwa kidole gumba. Kata Ndogo yenyewe hata ukinyoosha ngumi haitoshi kuiziba. Na Nyota ya Kaskazini haihami, ndiyo kazi yake. Yaani umezaliwa hapa, halafu unaitafuta kaskazini kule mashariki?"

Pikapu iliondoka, taa zake nyekundu zikapotea barabarani. Marit alibaki amesimama uani. Kicheko cha Janelle kingeisha. Kilichomkaa kifuani ni kingine: jioni zote zile Baba alikuwa ametazama upande mmoja, na yeye upande mwingine.

Angeweza kutoka kesho yake, kupita miti na kuitafuta nyota ya kweli. Aliogopa kuikosa tena. Angeweza kumwambia Baba. Hilo aliliogopa zaidi.

Jumapili simu ikalia.

"Nikwambie kitu," Baba alisema. Sauti yake ilikuwa nzito kwa uchovu. "Alhamisi upepo ulikuwa mbaya huku. Nilitoka kazini nikasema leo siendi nje, nalala na buti zangu hivi hivi. Halafu nikakumbuka wewe uko nje unanisubiri. Nikatoka. Nikasimama nawe kidogo, nikajisikia mtu tena. Uliitazama Alhamisi?"

Alhamisi ilikuwa ndiyo siku ya pikapu. Saa moja Marit alikuwa uwanjani anakimbiza mpira.

"Ndiyo, Baba," alisema.

"Nilijua tu," alisema Baba, na Marit akasikia kwamba anatabasamu.

Chakula cha jioni hiyo hakikupita. Aliikoroga tu supu bila kuinywa. Mama alimwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Huna homa. Basi una jambo. Liseme, supu inapoa."

Marit alilisema lote, kuanzia ndara na ngazi mpaka Alhamisi. Mama alisikiliza bila kumkatiza, na hiyo haikuwa kawaida yake. Marit alipomaliza, Mama alichukua simu iliyokuwa kando ya mkate, akaiweka mbele yake.

"Mpigie."

"Ataumia, Mama."

"Ataumia. Mpigie."

"Si ningojee aje Krismasi? Nitajifunza kwanza, halafu tukitoka pamoja nitamwonyesha, hatajua chochote."

"Na kila jioni mpaka Krismasi atakuwa anasimama kwenye upepo na nani?"

Marit aliitazama simu. Mama alivuta kiti akakaa karibu naye, upande wa kaskazini wa meza, ambao ni wa Baba. Marit akabonyeza.

Alisema haraka, asije akasita katikati. Alisema kuhusu Kilimia. Alisema hakuwahi kupita miti hata mara moja. Alisema Alhamisi hakutazama kitu chochote, na alipojibu ndiyo alikuwa anajua kabisa kwamba si kweli.

Marit alisikia injini ya lori ikiunguruma mbali, na pumzi ya Baba.

"Baba?"

"Nipo. Imeniuma hiyo, Marit. Sitakudanganya."

"Najua."

"Unalia?"

"Kidogo."

"Basi futa machozi kabla hujatoka, yataganda. Vaa buti za kweli, sio ndara. Vaa kofia na glavu. Mwambie Mama azime taa ya uani. Mimi naanza kutembea sasa hivi kwenda nje, na wewe tembea."

Mama alikuwa tayari ameshika tochi. Aliizima taa ya uani kutoka bandani, akamshika Marit bega, wakapita pamoja kwenye kijia cha katikati ya miti, theluji ikikatika chini ya buti. Walipofika barabarani Mama akazima na tochi. Mwanzoni Marit hakuona hata mkono wake mwenyewe.

"Usitafute bado," Baba alisema kwenye simu. "Yape macho muda. Simama katikati ya barabara, uso kaskazini. Kaskazini unaijua?"

"Baba."

"Nauliza tu, maana nimesikia habari."

Mama alicheka puani. Marit naye akacheka, na machozi yakamtoka tena, lakini hayakuwa yale ya mwanzo.

Polepole giza likafunguka. Barabara ilinyooka mbele yake, nyeupe kwa theluji, na mashamba pande zote mbili, na juu yake nyota nyingi kuliko alizowahi kuziona akiwa kwenye ngazi.

"Naona nyingi mno. Zinanichanganya."

"Ziache hizo nyingi. Tazama chini, juu kidogo tu ya pale ardhi inapoishia. Tafuta nyota nne zilizokaa pembe nne, kama sufuria iliyowekwa mezani. Mpini wake umelala kuelekea magharibi, una nyota tatu."

Marit alitafuta. Alitafuta kitu cha ukubwa wa kiganja, akakosa. Kisha akatanua macho, na ghafla ikawa pale, kubwa kupita alivyofikiri. Ilikuwa imelala juu ya shamba la mzee Brekke la kaskazini, pale pale ambapo miti ingeificha.

"Ni kubwa hivi?"

"Ndiyo maana haiitwi kijiko. Sasa, ule ukuta wa sufuria ulio mbali na mpini, una nyota mbili. Anza na ya chini, pita ya juu, endelea kupanda moja kwa moja. Pima nafasi kati ya hizo mbili, uirudie mara tano. Usikimbie."

Marit alinyoosha mkono wenye glavu, akapima kwa vidole. Moja. Mbili. Alipotea kwenye ya tatu, akarudi chini akaanza upya. Mama alipiga miguu chini kwa baridi lakini hakumharakisha. Mara hii vidole vyake vilifika kwenye nyota moja iliyokaa peke yake, juu ya barabara moja kwa moja, kama vile barabara imechorwa kwa ajili yake.

"Ipo moja hapa," alisema. "Lakini haing'ai sana. Ni hii tu?"

"Ni hiyo tu. Kila anayeanza hutegemea itang'aa kuliko zote. Umaarufu wake ni kwamba ukirudi utaikuta."

Waliitazama, yeye kule na Marit huku. Hakuna aliyekata simu.

"Sasa nakuona," Baba alisema mwishowe. Kisha akakohoa kidogo, kama anavyofanya akitaka kusema jambo la uzito. "Nisikilize, mwanangu. Kuchanganya Kilimia na Kata Ndogo si kosa la kulilia. Anayejifunza nyota hukosea, anatoka tena kesho yake, anaangalia vizuri zaidi. Ungeniambia siku ile kwamba hukupita miti kwa sababu ya baridi, ningekucheka na kukuelekeza, basi. Lakini uliposema umeona, ulinifungia mlango wa kukusaidia. Na Alhamisi uliniacha nisimame peke yangu nikidhani tuko wawili. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Baba. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Kesho saa moja?"

"Kesho kuna mazoezi. Sitaweza."

"Umeona?" alisema Baba. "Hivyo ndivyo nilivyokuwa nataka. Kesho nitaitazama kwa niaba yako. Keshokutwa tutakuwa wote."

Waliporudi, Mama alimvua Marit glavu na kumsugua vidole mpaka vikaanza kuwasha. Supu ilikuwa imerudishwa jikoni ipate moto. Marit alikaa akiitazama sufuria.

"Mama, Baba akiniuliza tena kama nimeiona, ataniamini?"

"Ataamini," Mama alisema, huku akipakua. "Mtu anayeweza kukuambia leo sikuona, ndiye unayeweza kumwamini akisema leo nimeona. Kwa huyo Janelle utachekwa mpaka Pasaka, hilo siwezi kukusaidia. Kula."