Mama Alivyochaguliwa Akiwa Shambani

Kwa heshima, taadhima na unyenyekevu usio na kifani, mimi Kafui Atsu, mwanafunzi wa kidato cha mwisho katika shule ya bweni ambayo nimeombwa nisiitaje tena hadharani, naitangazia jamii nzima kwamba leo nitatoa mafunzo. Mdogo wangu Yayra amesoma sentensi hiyo akichungulia begani kwangu, akauliza kama kuna mtu amefariki.

Hakuna aliyefariki. Kaeni tuanze.

Nyumba yetu imo ndani ya chuo kikuu, mwendo wa saa moja kutoka mji wa Ho, nyuma ya mashamba ya majaribio. Ilikuwa nyumba ya amani. Mama, Daktari Enyonam Atsu, alifundisha kilimo, na kunde alizijua kuliko alivyotujua sisi. Jioni alikaa barazani na jalada la buluu mapajani: makala kumi na tisa, barua za mashahidi, picha za maganda. Kwa jalada hilo aliomba cheo cha profesa mshiriki. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na kwetu mtumishi hustaafu akifika sitini. Asipopanda mwaka ule, hapandi tena.

"Wakikupa, tutakuitaje?" Yayra alimuuliza.

"Mama."

"Na mbele ya wageni?"

"Mbele ya wageni mtaniita Profesa. Tena kwa sauti."

Sasa sikilizeni ugonjwa ulioivamia nyumba hiyo. Chuoni kuna Kamati ya Ajira na Vyeo, ndiyo inayoamua nani apande na nani abaki alipo. Kila kitivo hupiga kura kumchagua mwakilishi mmoja, akae humo miaka miwili na kuwasemea wenzake. Mtadhani watu wanakigombania kiti hicho. Thubutu. Mwakilishi husoma majalada mazito kama matofali, halipwi hata chupa ya maji, na kila anayenyimwa cheo humnunia yeye mpaka kaburini. Tena kuna sheria: ukiwa ndani ya kamati, jalada lako mwenyewe haliletwi mezani mpaka umalize muda wako.

Basi wahadhiri wa Kitivo cha Kilimo, watu wenye shahada tatu tatu, walikuwa na desturi yao. Humchagua asiyekuwepo mkutanoni. Uchaguzi wa kabla ya huu ninaousimulia walihudhuria wote, hata mwenye malaria, kiti kikabaki wazi miaka miwili. Kwa kukosa msemaji, majalada saba ya kitivo yalirudishwa. La Daktari Senanu Hotor lilirudi mara mbili, eti limekosa ukurasa, na ukurasa wenyewe ulikuwemo.

Siku ya uchaguzi, Jumatano, Mama alikuwa ng'ambo ya mlima na wanafunzi wake, wamezama kwenye kunde. Simu aliisahau nyumbani. Ya mkutanoni tulisimuliwa baadaye na Hotor mwenyewe, ameinamisha kichwa.

Mkuu wa kitivo, Profesa Dogbatse, alikuwa akiita majina. Alipofika kwa Mama, kimya.

"Hayupo," alisema Hotor. "Basi Mungu ametupa mwakilishi."

Ukumbi ukacheka.

"Ana jalada lake mwaka huu," Profesa aliwakumbusha.

"Nani hana jalada, Prof? Langu limeanza kuota mvi."

"Na sheria inataka akubali mwenyewe."

"Mwandikie. Akikataa, twende tukale."

Profesa akaandika ujumbe. Baada ya dakika mbili jibu likaingia: *Nakubali uteuzi huu kwa moyo mkunjufu, na nitautumikia kwa jasho na damu.* Wakapiga kura. Ishirini na watatu walisema ndiyo, hakuna aliyepinga. Jinsi jibu lilivyotoka kwenye simu ya mtu aliye shambani ni mambo ya mitandao, tusiyachimbe.

Jioni Profesa Dogbatse alikuja kwetu. Mama alikuwa amekaa barazani anakula akple, ugali wetu wa mahindi, na mchuzi wa bamia, matope hayajamtoka kwenye visigino.

"Hongera, Mheshimiwa Mwakilishi."

"Mwakilishi wa nini? Usinitanie na njaa yangu, Prof."

Alimwonyesha ujumbe. Mama aliusoma, akaacha kula.

"Enyonam, tumetoka mbali," Profesa alisema. "Niambie neno moja tu, kwamba hukuandika wewe. Nafuta uchaguzi kesho asubuhi, na jalada lako linakwenda."

Mama alinawa mikono taratibu. "Na kiti?"

"Kitakaa wazi, kama mwanzo."

"Na jalada la Hotor?"

"Hotor ndiye aliyekutaja, dada. Tena kwa kicheko."

"Sijakuuliza kama alicheka au alilia."

Profesa alimsogezea tena ule ujumbe.

"Ujumbe umetoka kwenye simu yangu," Mama alisema. "Karibu, ule."

Miaka miwili alisoma. Majalada aliyaleta nyumbani kwa toroli la shambani, akayafungua ukurasa kwa ukurasa. Ule ukurasa wa Hotor aliukuta umebanwa nyuma ya barua, akaingia nao mkutanoni mkononi, akausoma kwa sauti mpaka mwenyekiti akamwomba akae. Kati ya wale saba, sita walipanda. Wa saba, Mama alimwambia mwenyewe, ana kwa ana, kwamba kazi yake bado ni changa. Mpaka leo mtu huyo hamsalimii.

Hotor alikuja na barua yake ya cheo, akasimama kwenye ngazi kama mtu aliyekuja kuomba chumvi.

"Dada, nilikutaja kwa dhihaka."

"Najua. Mwakani wakikutaja wewe, ukubali."

Mwezi uliopita Mama alitimiza sitini, akastaafu akiwa mhadhiri mwandamizi. Jalada la buluu halikufunguliwa na mtu yeyote. Siku ya kumuaga, alipoitwa mbele, kitivo kizima kilisimama kabla hajafika, na hakuna aliyewaambia wasimame. Mimi nilikuwa nyuma na koti la kuazima. Kifua kilijaa mpaka kifungo kikaruka. Na uchaguzi wa mwaka huu, msomaji, umepata wagombea watano, Hotor akiwa wa kwanza kujiandikisha.

Mafunzo

Enyi wasomi, nanyi mnaochagua viongozi wa soko, wa kwaya na wa maji: kazi ya kuwasemea wenzenu msimtwike asiyekuwepo. Kazi inayokimbiwa na wote humwangukia mmoja, na huyo mmoja huilipia kwa kitu ambacho nyinyi mliocheka hamtakiona. Kura ni kauli. Usiitoe kwa mzaha, maana matokeo yake hayatanii.

Hapa nilikuwa nimemaliza. Nikampelekea Mama anisahihishie. Alisoma yote na kalamu nyekundu mkononi, hakuweka alama hata moja.

"Umewachapa vizuri," alisema. "Limebaki funzo moja."

"Lipi, Mama?"

"La yule aliyebaki nyumbani na simu yangu."

Yayra alijifanya anatafuta kiatu.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu jioni ile barazani, Prof alipokuja. Ulikuwa umeshika birika la kunawia, maji yanamwagika sakafuni."

"Mbona hukusema? Prof alikwambia neno moja tu lingetosha."

"Nilifungua kinywa nilitaje jina lako. Kisha nikayakumbuka yale majalada saba." Akanirudishia karatasi. "Haikuwa kwa ajili yako, usijivune. Haya, andika."

Naandika. Wiki ile nilikuwa nyumbani kwa sababu shule ilinifukuza siku kumi na nne. Simu ililia, nikaona maneno "kamati" na "kuchaguliwa", nikaona mama yangu anakuwa mtu mkubwa na mimi mtoto wa mtu mkubwa. Sheria ya jalada sikuijua, wala sikumuuliza mtu. Nilijibu huku nacheka peke yangu. Nimewalaumu watu ishirini na watatu kurasa zote hizi, na wote walikuwa wanasubiri jibu la mtu mmoja. Mtu huyo ni mimi, Kafui Atsu. Cheo cha mama yangu nilikifuta mimi.