Waliofunga Mlango wa Klabu ya Wendeloh

Wasomaji wangu, Jumamosi mjini Wendeloh ilikuwa siku ya raha. Mchana, kabla ya mechi kuanza, Annegret Kowalke alikuwa ameshawasha makaa nyuma ya goli, soseji zinachuruzika mafuta, na shoga yake Ilse anapasua mikate. Watu walikuja na skafu za kijani shingoni. Wakinunua hawaondoki, wanasimama palepale kubishana. Mume wa Annegret, Lothar, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa klabu. Mtoto wao wa pekee, Henning, alicheza kiungo. Timu ilikuwa ligi ya tatu na ilifungwa mara nyingi, lakini ilikuwa yao.

"Mwanao leo anakimbia kama kabeba friji mgongoni," Ilse alisema.

"Mwache. Jana kala viazi sahani tatu."

Raha hiyo ilianza kuharibika siku Bwana Thalbach, mwenye kiwanda cha vigae, alipokuja kunywa kahawa nyumbani kwa Kowalke.

Kwetu Ujerumani tajiri haruhusiwi kuimeza klabu nzima. Zaidi ya nusu ya kura lazima zibaki kwa wanachama, na mwanachama ni yeyote anayelipa ada yake ya mwaka, awe fundi bomba, muuguzi au bibi kizee. Thalbach aliijua sheria hiyo. Alijua pia kwamba haisemi wanachama wawe wangapi.

"Kura zenu sizigusi, Lothar," alisema huku akijikatia keki ya plamu. "Nataka kitu kidogo tu. Uongozi uwe na haki ya kumkubali mwanachama au kumkataa, bila kutoa sababu. Siwezi kumwaga mali yangu mahali ambapo kila mlevi ana kura."

"Na mlangoni atakaa nani?"

"Si wewe? Nani mwingine?"

Mgeni alipoondoka, Annegret alikusanya vikombe. "Na siku ukitoka wewe, Baba Henning?"

"Nitoke niende wapi?" Lothar alicheka. "Ligi ya pili, Anne. Hebu fikiria. Henning uwanjani, sisi jukwaani."

Alikuwa mtu mwema, msinielewe vibaya. Lakini tamaa ikiingia kwa mtu mwema haigongi, kwa sababu inamkuta akiota jambo zuri.

Mkutano wa wanachama ulifanyika mwezi wa Novemba, katika ukumbi wa mazoezi wa shule. Kila mmoja alipewa kadi ya kijani ya kuinua wakati wa kura. Kubadili katiba kulihitaji robo tatu ya waliohudhuria. Ilse alisimama.

"Mtu akikuomba ufunguo wa nyumba yako ili akusaidie kuilinda, muulize kwanza anaogopa nini ukikaa nao wewe."

"Kaa chini, Ilse, twende nyumbani, bia inapata moto," sauti ilitoka nyuma, na ukumbi mzima ukacheka.

Kadi zikaanza kupanda. Ya Annegret ilikuwa bado mapajani. Moyo wake ulikataa, lakini Lothar alikuwa anamtazama kutoka mezani mbele, na majirani pia. Aliona haya. Akainua.

Kanuni ikapita. Ada ikapandishwa mpaka watu wa kawaida wakashindwa. Waliochelewa kulipa wakafutwa, na walipoomba upya wakakataliwa. Lothar ndiye aliyekuwa akiwakataa. Hata ombi la Ilse alilikataa.

"Ni utaratibu tu, dada," alimwambia sokoni.

"Kumbe sasa una utaratibu," Ilse akajibu, akanunua kabichi yake akaenda. Jumamosi iliyofuata hakuja kupasua mikate.

Wanachama waliobaki wakawa wafanyakazi wa Thalbach na shemeji zake. Timu ilipanda ligi ya pili kweli, watu wakaimba barabarani. Kisha wale wanachama wachache wakakutana, wakamwondoa Lothar kwenye uenyekiti kabla kahawa haijapoa. Uanachama wake nao haukuendelezwa.

Klabu ikageuka duka. Vijana walinunuliwa kiangazi, wakauzwa baridi ilipofika. Mwezi wa Januari ikafika zamu ya Henning. Klabu kubwa ya mbali ilikuwa inakuja kumtazama, na goti lake lilikuwa limevimba.

"Wamenichoma sindano ya ganzi, Mama," alisema, mguu ukiwa juu ya kiti. "Sisikii kitu kabisa."

"Mwambie kocha huwezi."

"Kocha naye yumo kwenye biashara hii. Nikikaa nje Jumamosi, mnunuzi atajua mimi mbovu."

Lothar alivaa koti lake. Wanachama walikuwa wanakutana jioni ileile, naye alitaka kusema mbele yao kwamba mtoto wake asichezeshwe. Annegret alimfuata. Mlangoni alikaa mwanamke mwenye miwani, mtu wa ofisi ya Thalbach.

"Humo kwenye orodha ya wanachama, Bwana Kowalke."

"Nieleze sababu."

"Kanuni hainilazimishi kueleza."

"Kanuni hiyo niliileta mimi."

"Basi unaijua," mwanamke akasema, taratibu kabisa, bila dharau.

Walisimama kwenye theluji mpaka mkutano ukaisha. Waliotoka waliwapita wakifunga vifungo vya makoti. Hata mmoja hakuwa mtu waliyewahi kumuuzia soseji.

Jumamosi Henning alicheza. Kipindi cha pili alianguka bila kuguswa na mtu. Annegret aliona mguu ulivyopinda, akajua kabla ya madaktari. Mnunuzi aliondoka kabla ya filimbi ya mwisho. Henning hakucheza tena. Mkataba ulipoisha haukuongezwa, na jezi yake ilikuwa imeshavaliwa na mwingine.

Sasa Henning analala sebuleni kwa sababu ngazi zinamuumiza. Ana miaka ishirini na minne. Hasemi na baba yake, ingawa wanakula meza moja.

Jumamosi moja upepo ulileta kelele za uwanjani mpaka ndani ya nyumba. Lothar aliacha kutafuna, akainamisha kichwa. Annegret aliinuka kufunga dirisha.

"Usifunge, Mama," Henning alisema. "Mwache asikie."

Annegret akarudi kukaa.

FUNZO

Ndugu zangu, mali ya wengi haiibiwi na mgeni peke yake. Wenyewe huitoa kwa mikono yao, siku wanapotaka kwenda nyumbani mapema. Ukikabidhiwa mlango, usikubali sheria ya kumfungia jirani bila sababu, maana siku yako ikifika, na wewe hutapewa sababu. Nawe mama uliye na shaka moyoni, usiinue mkono kwa kuwa mumeo anakutazama. Aibu ya ukumbini huisha usiku uleule. Mwenzetu Annegret anamfunga mwanawe bandeji kila asubuhi.