Aliyemsuka Chiriku

Siku ya pili baharini, Mkunga alirudi chumbani kutoka kunywa chai akamkuta binti yake amesukwa nywele. Mistari myembamba, imenyooka kama imepigwa rula. Asubuhi alikuwa amemwacha kitandani na nywele timutimu.

Alipomuuliza nani kamsuka, binti alimtazama kwa mshangao.

"Si wewe, mama? Umetoka hapa sasa hivi."

Mkunga alicheka, akidhani ni vituko vya umri. Binti alikuwa na miaka kumi na tano. Jina la Chiriku alilipata utotoni kwa kuongea bila kupumua, ila siku hizi maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Mama alijua kosa ni la nani. Miaka kumi na mmoja alifanya zamu za usiku katika wodi ya wazazi, akipokea watoto wa wenzake, na wa kwake akalelewa na shangazi mtu. Safari hii ya meli ya kitalii, wiki nzima ya Krismasi visiwani, ilikuwa ya wao wawili tu. Alitaka kumrudisha mwanawe.

Lakini kila alikokwenda alikuta ametanguliwa. Akisema wakaogelee, Chiriku anajibu kwamba wametoka kuogelea, na kweli nywele zinachuruzika. Kwenye kisiwa cha kwanza alimnunulia kofia ya ukindu. Chiriku alishukuru kwa adabu, akasema hakukuwa na haja ya kununua ya pili. Ya kwanza ilikuwa juu ya mto kitandani, mpya, rangi ileile.

Kilichomuumiza zaidi ni kicheko. Akiwa bado kwenye ujia, anamsikia Chiriku akicheka ndani ya chumba, kicheko kile cha zamani cha mtoto anayetekenywa. Akifungua mlango, kicheko kinakatika, na chumba kinanuka udongo uliolowa mvua, ingawa nje ni bahari tupu na jua la utosi. Mtu mwingine angeogopa. Mkunga aliona wivu kwanza. Nani huyu anayemchekesha mwanangu?

Mchana wa Krismasi abiria walikusanyika sitahani kuimba. Mkunga akashuka kumwita binti yake, akakuta mlango haukufungwa vizuri. Kupitia upenyo ule alimwona Chiriku amekaa chini, kichwa amekilaza kwenye mapaja ya mwanamke aliyevaa gauni la bluu, gauni lilelile ambalo Mkunga alikuwa amelivaa mwilini mwake saa hiyo, na Chiriku alikuwa anaongea, anaongea kama zamani, habari za shule, za shangazi, za usiku aliokuwa akilala na taa inawaka, na yule mwanamke hakumkatiza hata mara moja, vidole vyake vikipita polepole kwenye mistari ya nywele, mpaka akainua uso na kutazama mlangoni, na uso ule ulikuwa wa Mkunga mwenyewe, ila uso uliolala usingizi wa kutosha.

Miguu ilimpeleka saluni ya meli, kuuliza kuhusu ule msuko. Msusi alikuwa mama mtu mzima aliyezeekea baharini. Mkunga alimweleza yote kwa kunong'ona, na yule mama akaweka kitana chini. Alisema jana binti alipita pale, naye msusi akauangalia ule msuko. Haukuwa na mwanzo wala mwisho. Mikono ya mtu haisuki hivyo.

Msusi alitoka katika ukoo wa waganga, na baharini alikimbilia kuukwepa uganga huohuo. Alisema ubani hauwezekani, moshi ukianza tu king'ora kitawaleta mabaharia na mipira ya maji. Walichota maji ya bahari kwa ndoo ya saluni, wakashuka.

Chiriku alikuwa peke yake kitandani. Msusi alisoma dua zake huku akimnyunyizia maji, na katika kinywa cha mtoto ikatoka sauti ya Mkunga, tulivu, isiyo na haraka.

"Sikuiba. Nilimkuta peke yake. Muulizeni mama huyu, mwanawe anaogopa nini?"

Mkunga alisogea karibu na kitanda.

"Anaogopa kwamba unawapenda wale unaowapokea kuliko yeye. Mimi aliniambia siku ya kwanza."

Mkunga alitamani kukipiga kibao kinywa kile, lakini kilikuwa cha mwanawe. Akapiga magoti, akamshika Chiriku mikono. Ilikuwa baridi kama ya maiti.

"Sikujua," alisema. "Sikuwahi kukuuliza. Niambie wewe, mwanangu, nisisikie kwa huyu."

Kisha macho ya Chiriku yakajaa machozi, yakatazama nyuma ya bega la mama yake, mahali pasipo na mtu.

"Nenda," alisema taratibu. "Mama amekuja."

Msuko ulianza kufumuka wenyewe, mstari kwa mstari, na harufu ya udongo ikaisha. Chiriku alilia mpaka jioni, kilio cha mtu aliyefiwa. Mkunga alimkumbatia, akijua halii kwa ajili yake.

Nyumbani Mkunga aliomba zamu za mchana, akapewa. Chiriku alirudi shule, akala vizuri, akawa anajibu akiulizwa. Jumamosi moja asubuhi Mkunga alimsikia akiongea chumbani bila kupumua. Akaingia. Chiriku alikuwa amesimama anapiga pasi sare zake, akasema alikuwa anaimba tu. Mkunga akaketi kitandani amsaidie kukunja nguo.

Palikuwa na joto pale alipoketi, kama mtu ameinuka sasa hivi.

Mkunga hakuinuka. Alijiweka sawa hapohapo, akakunja nguo moja baada ya nyingine, akamwomba Chiriku amsimulie habari za shule, na hakuondoka mpaka joto lile likawa la kwake.