Anneth Alipomtaja Kaka Yake

"Ukivuka huo mlango kumfuata Mrundi wako, usirudi," Projestus alisema, panga likiwa bado mkononi.

Anneth alimtazama kaka yake. Shati lake lilinuka petroli.

"Umetoka wapi?"

"Nimetoka kusafisha kijiji."

Ilikuwa asubuhi, Nyakahura. Jana yake mchunga ng'ombe mmoja alikutwa ameuawa porini. Hakuna aliyemjua muuaji, lakini jua halijazama soko zima lilishaamua kuwa ni Warundi. Kulipokucha, vijana wakazivamia nyumba za watu waliokuja zamani kama wakimbizi, wakalima na kuzaa humo humo kijijini. Walianza kwa mzee Matiasi. Mwanawe, Niyibizi, alikuwa mchumba wa Anneth.

Anneth alikimbia hadi huko. Nyumba ilikuwa inafuka moshi. Niyibizi alikuwa amepiga magoti kwenye migomba, mbele yake maiti ya baba yake imefunikwa kitenge.

"Usinishike."

"Niyi, ni mimi."

"Najua ni wewe. Nimemwona kaka yako. Baba alimwita kwa jina, akamuuliza, 'Projestus mwanangu, nimekukosea nini?' Hakumjibu. Akamkata."

Anneth alikaa chini, mbali kidogo naye, hadi polisi walipofika.

Siku chache baadaye ofisa kutoka wilayani aliitisha mkutano kwenye uwanja wa shule.

"Nani alimuua mzee Matiasi?"

Watu wakatazama chini.

"Haya. Wauaji tutawatafuta. Na wote wasio na vibali watapelekwa mpakani Kabanga, warudishwe Burundi, kwa usalama wao."

Hapo wakapiga makofi. Projestus naye akapiga.

Anneth akasimama.

"Mheshimiwa, hakuna haja ya kutafuta. Mmoja wao ni huyo anayepiga makofi. Ni kaka yangu, tumbo moja. Alirudi nyumbani na panga, akaniambia ametoka kusafisha kijiji."

"Mwongo huyu," Projestus alisema. "Amelishwa dawa na Warundi."

Askari walimfunga pingu. Mama yao, Rozalia, aliketi vumbini.

"Anneth, umeniua," alisema taratibu.

Lakini Niyibizi naye alipakiwa kwenye lori la kwenda Kabanga. Vyeti vyake viliteketea pamoja na nyumba.

"Nimezaliwa hapa," alimwambia askari.

"Kila mtu anasema hivyo. Panda."

Kesho yake Anneth akapata ujumbe wa simu kutoka kwa Niyibizi: *Wanatuvusha muda wowote. Olewa na mtu wa kwenu.*

Akajibu: *Wa kwetu ndio waliomuua baba yako. Usivuke. Nakuja.*

Kabanga, ofisa wa mpakani alimsikiliza huku akipanga karatasi zake.

"Wewe ni mchumba, utasema lolote. Niletee mtu mzima aliyekuwapo huyu akizaliwa."

Mtu huyo alikuwa mmoja tu. Anneth akapiga simu.

"Mama, usikate. Wanamvusha Niyibizi. Wanataka mtu aliyekuwapo."

Simu ikakatwa.

Kesho yake, watu wakiwa wameshapangwa mstari, Rozalia alishuka kwenye basi.

"Shikamoo, mama," Niyibizi alisema.

Hakumwitikia. Alikwenda moja kwa moja kwa ofisa.

"Huyu kijana alizaliwa jikoni kwangu, Nyakahura. Mama yake, marehemu, alishikwa uchungu tukipukuchua mahindi. Nilimpokea mimi."

"Una hakika, mama?"

"Mwanangu yuko rumande kwa kumuua baba wa huyu. Ningetaka kusema uongo, ningesema wa kumfaa mwanangu."

Ofisa akamwita Niyibizi atoke mstarini.

"Rudi kijijini. Uraia wako utachunguzwa ukiwa huko."

Anneth akamsogelea mama yake.

"Asante, mama."

"Usinishukuru. Sijakusamehe, na sijui kama nitaweza. Nimekuja kwa sababu ni kweli."

Rozalia akarudi kwenye basi. Niyibizi alibaki akiwatazama waliobaki mstarini, majirani zake wa miaka yote.

"Waliopiga makofi bado wako kule, Anneth. Tutaishi nao vipi?"

"Sijui. Lakini shamba ni lako, na mimi ni mkeo ukinitaka."

"Nakutaka. Kaka yako simsamehe."

"Sijakuomba."

Wakapanda. Rozalia alikaa mbele, wao nyuma, hadi Nyakahura. Waliposhuka, Niyibizi alimshika Anneth mkono mbele ya soko zima, wakapita katikati ya watu, wakielekea kwenye migomba ya Matiasi.