Muhuri wa Hadaiwi

Mambo haya yalimfika Moza binti Hemedi, jirani yetu wa Mtanda, mkutubi katika chuo kilichoko kilimani, nje kidogo ya Lindi mjini. Moza si mtu wa maneno mengi. Hata hili alilisimulia mara moja tu, kisha akaomba asiulizwe tena.

Kazi yake ilikuwa kuwahudumia wahadhiri. Kila muhula ulipokaribia, mhadhiri alimletea orodha ya vitabu vya somo lake, naye Moza akavikusanya na kuvipanga katika rafu ya peke yake ndani ya chumba cha wahadhiri, kuanzia wiki ya kwanza hadi ya kumi na tano, ili mwalimu aingie darasani akiwa na kila alichokihitaji. Alikuwa akiwajua wote kwa tabia zao: nani husoma huku akila karanga, nani hukunja pembe za kurasa, nani hurudisha kitabu siku ileile aliyoahidi. Kwa hilo la mwisho, hakuna aliyempita Dakta Abdulrazak wa historia.

Dakta Abdulrazak alifariki ghafla mwezi wa nane, akazikwa kwao Kiswere. Watu wa chuo walikwenda kuzika. Moza aliketi ndani pamoja na wanawake, karibu na dirisha, na kabla jeneza halijainuliwa alimsikia ndugu wa marehemu akinadi huko nje kama ilivyo ada: "Jamani, yeyote anayemdai marehemu, iwe deni au amana, na aseme sasa, tumpunguzie mzigo."

Moza alikuwa na la kusema. Marehemu alikuwa na kitabu kimoja cha maktaba: mahojiano na wazee wa Kikole, swali na jibu, yaliyopigwa taipu miaka mingi iliyopita na kujalidiwa kwa kitambaa cheusi. Nakala yake ilikuwa moja tu duniani. Lakini apaze sauti dirishani, yeye mwanamke, mbele ya jeneza, kwa ajili ya kitabu? Aliona haya. Akanyamaza.

Wiki mbili baadaye ikaletwa fomu ya mirathi. Bila muhuri wa maktaba, mafao ya marehemu yasingetoka. Moza akamfikiria mjane, Bi Kadija, aliyekuwa eda, hatoki nje, na watoto watatu wanamtazama yeye. Amsumbue kwa kitabu? Akafungua mfumo kwenye kompyuta, akaandika kwamba kitabu kimepokelewa, kisha akagonga muhuri juu ya fomu: HADAIWI.

Alidhani ametenda hisani. Na hisani ilikuwa kweli, ila ilisimama juu ya uongo.

Mwezi wa kumi na moja alikuja Antonia, binti kutoka Miteja, mhadhiri mpya aliyekabidhiwa somo la marehemu. Alikuwa katika mwaka wa majaribio, na mkuu wa idara alikwisha kumweleza wazi kwamba somo hilo ndilo litakaloamua kama atabaki chuoni au atafunga mizigo arudi kwao.

"Dada Moza, hiki cha Kikole ndicho uti wa mgongo wa somo zima," alisema siku ya kwanza, orodha mkononi. "Mfumo unasema kipo rafuni. Mbona sikioni?"

"Kimepelekwa kujalidiwa upya."

"Kitarudi lini?"

"Kitarudi, mdogo wangu. Usiwe na wasiwasi."

Uongo wa pili haukumgharimu hata kupepesa jicho.

Maktaba ile hufungwa kila siku kuanzia saa saba hadi saa nane mchana. Moza huenda kuswali adhuhuri, na Ignasi, mhudumu wa kaunta, huenda kula. Wahadhiri peke yao ndio wenye ufunguo wa mlango wa nyuma. Jumanne ya wiki ile waliporudi, walikuta mchanga juu ya kaunta.

"Dada Moza," Ignasi akacheka, "siku hizi unakuja kazini kwa kupitia baharini?"

"Futa, Ignasi. Acha maneno."

"Nafuta. Lakini kesho njoo na samaki pia, tusikose vyote."

Akafuta. Jumatano mchanga ulikuwepo tena. Alhamisi vilevile, na safari hii Moza alimzuia Ignasi asiupanguse, akainama kuutazama. Haukuwa umetawanyika. Ulikuwa vichungu viwili vidogo, vimeachana kwa upana wa viwiko vya mtu aliyeegemea kaunta akingoja kuhudumiwa. Katikati ya vichungu hivyo palikuwa safi kabisa, pana pembe nne, kadiri ya kitabu.

Jumatatu iliyofuata, saa nane kasoro, Moza alimkuta Antonia akimngoja mlangoni, uso umemchangamka, kitabu cheusi amekikumbatia kifuani.

"Ahsante, Dada Moza. Sikutegemea kingerudi mapema hivi."

"Umekipata wapi?"

"Hapa kaunta. Nilipita mlango wa nyuma. Palikuwa na mzee mmoja wa kanzu amesimama, amekishika. Nikamwamkia. Hakuitikia. Alininyooshea tu, akasema, 'Pokea.' Nikapokea." Antonia akakohoa, akashika koo. "Samahani. Tangu pale koo limenikauka."

Kesho yake sauti yake ilikuwa imekwaruza. Keshokutwa ikawa mnong'ono. Hospitali ya mjini walimtazama koo kwa tochi, hawakuona kidonda wala uvimbe. Mwisho wa wiki, kununua sabuni dukani ilimbidi aandike kwenye karatasi.

"Lakini darasani anaongea," Ignasi akamwambia Moza. Alikuwa ameinama juu ya kaunta, na hakuwa na mzaha wowote usoni. "Nimepita pale dirishani. Anasoma kitabu kile kwa sauti nzito, ya kujaa. Mimi nimekaa hapa miaka tisa, dada yangu. Sauti ile naijua."

"Nyamaza, Ignasi."

"Nimenyamaza siku tatu. Nimeshindwa."

Moza akamfuata Antonia chumba cha wahadhiri. Alimkuta amekaa peke yake, kitabu mapajani, mikono yote miwili juu yake.

"Nirudishie, mdogo wangu."

Antonia akatikisa kichwa. Midomo yake ilicheza muda mrefu kabla neno halijatoka.

"Nikikiweka chini," akanong'ona, "hata hii haitoki."

Machozi yalikuwa yakimtiririka. Hayakuwa na kwikwi. Hakuwa hata na sauti ya kulilia.

Alhamisi asubuhi Moza aliomba ruhusa, akatia katika mkoba daftari la stakabadhi na muhuri wa tarehe, akaenda Kiswere. Safari nzima alikuwa akijipangia maneno. Yalipofika midomoni yalikuwa machache.

"Shikamoo, Bi Kadija."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Watu wa chuo hamjambo?"

Moza aliketi mkekani. Akaeleza yote: dirisha, haya, fomu, muhuri. Bi Kadija alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, kidole kikiuzungusha uzi wa mkeka.

"Kumbe ni wewe," akasema taratibu.

"Ni mimi, Bi. Naomba radhi."

"Mume wangu alikata roho akisema hilo hilo: kitabu cha watu kirudi. Nilipopata nguvu nikamtuma shemeji yangu akilete Lindi. Kijana wa kaunta hakukifungua hata kifurushi, akatazama kompyuta, akamwambia, 'Mzee, marehemu hadaiwi. Mfumo unasema kitabu chake kimeshapokelewa. Hiki si chetu.' Akarudi nacho."

Moza aliufunika uso kwa viganja. Ni yeye aliyemfundisha Ignasi kwamba mfumo haukosei.

"Chuo kimekikataa," Bi Kadija akaendelea, "na sisi si chetu. Tukiweke wapi? Siku ya arobaini, shemeji yangu akamrudishia mwenyewe. Amekifukia kichwani pa kaburi, ndani ya kitambaa."

"Hapana, Bi Kadija. Kitabu kipo Lindi. Kiko mikononi mwa mwalimu. Nimekiona."

Bi Kadija akauachia uzi wa mkeka.

"Mwanangu," akanong'ona, "kimefukiwa."

Shemeji mtu aliitwa, akachukua jembe. Moza alisimama nje ya ukuta wa makaburi. Jua lilikuwa utosini, vivuli vyote vimejificha chini ya vitu vyake. Akamsikia mzee yule akisoma Fatiha. Akasikia jembe. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu halikugonga mchanga.

Mzee akatoka na kifurushi. Kitambaa kilikuwa kimeanza kuoza, lakini kitabu kilichokuwamo kilikuwa kikavu. Jalada la kitambaa cheusi. Namba ya rafu mgongoni, kwa mwandiko wa Moza mwenyewe.

Kilikuwa chenyewe. Hakikuwahi kutoka pale.

Moza alitoa simu, akapiga maktaba.

"Ignasi. Antonia yuko wapi?"

"Darasani. Niko mlangoni hapa, nimekuja kumtazama."

"Amekishika kitabu?"

Zikasikika hatua zake akisogea ndani.

"Ignasi!"

"Ameinua mikono kama mtu aliyeshika kitabu," Ignasi akanong'ona. "Anafunua kurasa. Anasoma. Wanafunzi wanaandika, hakuna anayeinua macho." Akaongeza, "Dada Moza, mikononi hamna kitu."

Nyuma ya mnong'ono huo Moza akaisikia sauti. Nzito. Ya kujaa. Ikiuliza swali, kisha ikijijibu. Ilikuwa sauti ya mtu ambaye yeye Moza alimhudumia kwa miaka kumi na moja.

"Kaa hapo. Usikate simu."

Akaweka simu juu ya ukuta. Akafungua daftari la stakabadhi. Jina la kitabu. Jina la mrudishaji. Kalamu ilikwama kwenye jina, akalazimisha. Kisha akamgeukia yule mzee na kunyoosha mikono yote miwili.

"Nipe, baba. Nipe kwa niaba yake."

Mzee akampa. Kitabu kilikuwa kizito kuliko karatasi yoyote inavyoweza kuwa. Kilimvuta mabega. Kilimpigisha magoti.

"Dakta," Moza akasema, akiuelekea ukuta, "niliandika kuwa nimepokea, na sikupokea. Nilikufungia mlango. Leo nimepokea. Shahidi ni huyu ndugu yako, na shahidi ni Mungu."

Akagonga muhuri.

Kwenye simu, sauti ilikatika. Haikufifia. Ilikatika. Kwa pumzi tatu au nne hapakuwa na chochote, hata ukohozi wa mwanafunzi mmoja. Kisha akasikika mwanamke akilia kwa kwikwi, kwa sauti yake mwenyewe, na Ignasi akirudiarudia, "Pole, mwalimu. Pole, mwalimu. Pole."

Kitabu kilirudi Lindi kikiwa chepesi kama kitabu chochote. Mfumo ulisahihishwa, na Moza akaandika barua ya kukiri kosa, akapewa onyo, akalipokea bila kulalamika. Mchanga haukuonekana tena juu ya kaunta. Koo la Antonia lilipona ndani ya siku mbili, na muhula ulipokwisha mkuu wa idara akamthibitisha kazini. Mtu angeweza kusema mambo yameisha salama.

Lakini ni desturi ya maktaba ile kumsaidia mhadhiri kuandaa kijitabu cha mihadhara yake mwisho wa muhula. Antonia hakukumbuka hata neno moja la wiki zile alizofundisha na kitabu cha Kikole. Kwa hiyo Moza alikusanya madaftari ya wanafunzi wake, arobaini na moja, akayalinganisha na kitabu chenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Yalilingana neno kwa neno. Yalilingana hadi Alhamisi ile.

Alhamisi ile wanafunzi waliandika mahojiano ambayo katika kitabu hayamo.

Mhojiwa: Abdulrazak. Mahali: kaunta ya maktaba, saa saba mchana. Mhojaji: Moza binti Hemedi.

Moza hakuwahi kumhoji mtu yeyote maishani mwake. Akasoma. Maswali yalikuwa ya adabu, yamepangwa vizuri, kama ambavyo yeye angeyapanga. Njia ilikuwaje? Ndefu kwa mwenye mzigo. Kuna baridi? Hakuna kitu. Swali la mwisho lilikuwa hili: Huko uliko, yupo mwingine wa hapa chuoni?

Na jibu: Kwa sasa niko peke yangu. Yuko mmoja wa maktaba anayefuata, na mwanandani wa kaburi lake umekwisha kuchimbwa. Jina lake ni

Hapo ndipo lilipokatika. Akachukua daftari jingine, na jingine, hadi la arobaini na moja. Kila moja kwa mwandiko wake, na kila moja limekomea pale pale, bila nukta.

Alimwuliza Antonia mara moja tu kama analikumbuka jina ambalo tayari lilikuwa mdomoni mwake muhuri ulipogongwa. Antonia alisema halikumbuki, na akasema haraka. Ila tangu siku hiyo, kila apitapo kaunta, humpa Moza mkono kwa mikono miwili, na huchelewa kuuachia, kama watu wanavyomshika msafiri wakati gari linanguruma.