Seva Iliyoamka Bila Kuonana

Kila jioni, watoto wa mtaa mmoja pale Kamembe, mji wa mpakani, walijaa sebuleni kwa akina Shadia, kila mmoja na simu ya mzazi mkononi. Walifuata seva. Ilikuwa kompyuta kuukuu tu, lakini Shadia, msichana wa miaka kumi na mitatu, aliipakia masomo yote ya darasa la sita, na aliyekaa karibu nayo aliyasoma bila intaneti. Alijivunia seva hiyo kupita kiasi!

Tatizo lilikuwa umeme. Ndani ya seva mlikuwa na makontena mawili, yaani visanduku vya programu: kimoja kilipokea simu za watoto, kingine kilitunza masomo. Umeme ukikatika na kurudi, seva iliwaka lakini makontena hayakuonana tena. Kwa mwezi mzima, kila mara, Shadia alijipenyeza nyuma ya meza, akaandika kwa mkono anwani mpya, yaani namba ambazo makontena yalitumia kutafutana, kisha akatamba, "Nimeshatengeneza kabisa!"

Jumamosi moja wasiwasi ulimshika. Yeye na baba yake walikuwa wanavuka mpaka kwenda Bukavu arusini hadi kesho yake, na mtihani ulikuwa Jumatatu. Nyumbani angebaki bibi tu. Nani angeandika anwani?

"Mashini iko sawa?" aliuliza baba yake, Papa Nasiri, fundi redio.

"Iko sawa, Papa."

Papa Nasiri hakuwahi kumrudishia mtu redio bila kuizima na kuiwasha mbele yake. Akachomoa plagi mbele ya watoto waliokuwa wamefika kusoma! Akaichomeka tena. Taa ziliwaka, feni ikavuma, lakini masomo hayakufunguka.

"Shadia, tutasoma wapi?" Rafiki yake Shimwa alikaribia kulia.

Shadia aliona aibu hadi masikioni. "Papa, nilidanganya. Kila mara ninaandikaka adresi mupya."

"Juu ya nini inabadilikaka?" Papa alitaka kujua sababu.

"Kila kontena inapewa namba vile imeamka, Papa. Ni kama kutafuta Maman Mwavita sokoni kwa fasi alikaa jana..." Hapo wazo likamjia. Mchuuzi huyo alihama mahali kila siku, na wateja walimpata kwa kuuliza jina lake! "Majina!" alipiga kelele.

Akaikimbilia kibodi. Akayaweka makontena kwenye mtandao mmoja, akafuta namba, akaandika majina, na kuyaamuru yaamke yenyewe kila seva inapowaka.

"Zima, Papa!"

Plagi ikatoka, ikarudi. Wote wakakodolea simu macho.

"Imefunguka!" Shimwa aliruka. "Tena, Papa Nasiri, zima tena!"

Ikafunguka tena. Vigelegele vikapaa hadi barabarani!

Walipokuwa kwenye foleni ya mpaka, simu ya Papa ililia. "Moto ilikatika, imerudi," Shimwa alieleza habari ya umeme kwa sauti kubwa, "na batoto bote banasoma!"

Shadia alishangilia hadi foleni nzima ikageuka. Papa akamshika bega. "Unaona, mwanangu? Kasoro uliificha, ikakusumbua peke yako mwezi muzima. Leo uliisema mbele ya bantu, na leo leo imeisha."