Tonge Ambalo Binnaz Hakulimeza

Vyombo vya wageni havijakauka, Binnaz akasikia ukuta unatafuna. Hakuwa panya, panya hutafuna haraka haraka. Huyu alitafuna taratibu, kama mzee asiye na meno, kisha akameza.

Binnaz alijua anakula nini. Asubuhi hiyo wanakijiji walijaa humo ndani, wakamsimamisha mbele ya meko, mkate mkononi. Elmas, mama wa marehemu Kadir aliyekutwa ameuawa, akasogea karibu.

"Sema, mwanangu. Mumeo alikuwa wapi usiku ule?"

"Dursun alikuwa humu na mimi. Hakutoka mpaka kulipokucha. Kama nasema uongo, mkate huu unipige."

Akaubusu, akaugusisha kwenye paji la uso, akamega, akatia mdomoni. Kwao, kiapo kikishaliwa, kesi imekwisha. Lakini Binnaz alikuwa amemwona Dursun akirudi alfajiri, akiosha damu kwenye koleo, eti yeye na Kadir waligombania maji ya shamba. Basi akajifanya mjanja. Tonge akalificha shavuni, na watu walipotoka akalisokomeza kwenye ufa wa ukuta. Alidhani kiapo kisichomezwa si kiapo. Akili gani hizo, sijui.

Hakulia, hakuogopa. Tangu alfajiri ile alikuwa amekufa ganzi, anapika na kufagia tu kwa sababu mikono imezoea.

Kutafuna kulipokoma, nyumba ikanuka mkate ulioungua, na meko imepoa. Akageuka. Dursun ameketi pale, mikono magotini.

"Umerudi mapema."

"Sijatoka."

"Si umekwenda shambani baada ya kiapo?"

"Sijatoka, Binnaz. Umeapa mwenyewe."

Alimwekea supu, hakuigusa. Alisema ameshiba.

Binnaz akaenda kumwita Bibi Fidan, mganga wa kijiji, aliyerithi kazi hiyo kwa mama yake. Bibi alifika mlangoni na chumvi yake, akachungulia, akakataa kuingia.

"Kiapo ulimwachia nani ameze?" akanong'ona.

"Niliweka ukutani tu, bibi."

"Ukutani kuna wenyewe. Jini amekimeza, sasa anakitimiza. Umesema mumeo hakutoka, basi amekuwa huyo asiyetoka."

"Ataondokaje?"

"Waite watu, ukane kiapo mbele ya meko."

"Watamchukua Dursun wangu."

"Watamchukua. Lakini atakuwa hai gerezani. Kaa na huyu uone."

Binnaz hakumwita mtu. Alikaa mkekani akimtazama yule asiyepepesa macho, na jua likashuka, na harufu ya mkate ulioungua ikazidi mpaka ikawa anaionja kwenye ulimi, na alipotaka kuinuka miguu ikawa si yake, na ndipo mlango ukagongwa, na sauti ya mumewe, imechoka kwa kazi ya kutwa, ikamwambia afungue, kwa nini amejifungia.

Jirani mmoja alichungulia dirishani, akamwona Dursun wa ndani, akamtazama Dursun wa nje, akapiga ukelele. Kijiji kizima kikaja. Binnaz alipofungua, watu walikuwa wamemzunguka mumewe na mawe mkononi, wakimwita jini.

"Ni mimi, jamani," Dursun akasema. "Jini ni huyo wa ndani. Mama Elmas, nisikilize. Nilitoka usiku ule. Mimi ndiye niliyemuua Kadir, kwa koleo, pale mferejini. Nipelekeni kwa polisi."

Elmas alimtazama. Kisha akamgeukia Binnaz.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyekula mkate. Mumeo ni yupi?"

Binnaz alitaka kusema huyu. Aliitafuta sauti kifuani hakuiona. Palikuwa baridi tu, kama meko ile. Ulimi ukajiendea wenyewe.

"Mume wangu yuko ndani. Hakutoka."

Dursun alimwita jina lake mara moja tu, kwa upole, kama anayeamsha mtoto.

Elmas akamshika Binnaz mabega, akamgeuza asione. "Pole, mwanangu," akamwambia, na jiwe la kwanza likarushwa. "Ingia ndani kwa mumeo."